Kuunganisha seva za kusakinisha mifumo endeshi: kipi kikusanywe, kipi kibaki karibu

Ni nadra taasisi yenye matawi mengi kukaa kikao na kuamua iwe na seva tano za kusakinisha mifumo endeshi. Seva hizo huongezeka zenyewe. Makao makuu yanaanza na seva ya WDS, huduma ya Microsoft ya kusakinisha Windows kupitia mtandao. Baadaye watu wa Linux wanajiwekea ya kwao yenye mafaili ya Kickstart, yanayojibu maswali ya usakinishaji badala ya mtu. Tawi la mbali lenye laini dhaifu linawekewa yake, ili kompyuta zisivute mafaili makubwa kutoka mbali. Kisha mtu anasimamisha seva ya majaribio, anahama idara, na hakuna anayeizima. Kila moja ina imeji zake (nakala za mfumo zilizo tayari kumwagwa kwenye diski), draiva zake (programu za kuendeshea vifaa), skripti zake na nywila zake. Linapokuja badiliko kubwa, kama lile la Windows 10 kufikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, kazi ileile inafanywa mara tano, na matokeo ya mara ya tano hayafanani na ya kwanza.

Ndipo linapozaliwa wazo la kuunganisha. Ni wazo zuri na ninaliunga mkono bila kusita, ila mara nyingi linaeleweka vibaya. Wengi hudhani kuunganisha ni kutafuta seva moja kubwa, kunakili kila kitu humo, na kuzima zile nyingine. Ukifanya hivyo unapata seva moja iliyobeba matatizo ya seva tano, na juu yake umeongeza umbali. Kinachotakiwa kukusanywa mahali pamoja ni maamuzi: kompyuta ipi ipate mfumo upi, kwa hatua zipi, kwa draiva zipi, na nani ana ruhusa ya kuamuru hayo. Mafaili mazito yanatakiwa yabaki karibu na kompyuta zinazoyahitaji. Ili kuona kwa nini, lazima tufuatilie kompyuta tupu inavyowaka kupitia mtandao.

Kompyuta tupu inapoita

Kompyuta isiyo na kitu kwenye diski huwaka kupitia mtandao kwa kutumia PXE, utaratibu ambao toleo lake la 2.1 lilichapishwa na Intel mwaka 1999 na bado ndio msingi wa kazi hii. Kadi ya mtandao inatangaza kwa wote waliopo kwamba inaomba anwani ya IP. Seva ya DHCP inaipa anwani. Seva ya PXE nayo inaitajia jina la faili la kuwashia na mahali pa kulipata. Kompyuta inalipakua faili hilo kwa TFTP, itifaki nyepesi ya kuhamisha mafaili, na kuliendesha, nalo linavuta mazingira madogo ya usakinishaji: kwa Windows ni WinPE, kwa Linux ni keneli pamoja na mfumo mdogo wa mafaili unaokaa kwenye kumbukumbu. Mazingira hayo yakishasimama, ndipo diski inagawanywa, imeji inamwagwa, draiva zinawekwa na kompyuta inaunganishwa na domeni, yaani kundi la kompyuta za taasisi zinazosimamiwa pamoja.

Katika mlolongo huo kuna mambo mawili yanayoamua usanifu mzima.

La kwanza ni lile tangazo. Matangazo ya kwa wote hayavuki ruta. Seva iliyoko kwenye mtandao mwingine haitayasikia kamwe, isipokuwa ruta imeagizwa kuyapokea na kuyapeleka kwenye anwani maalumu, mpangilio ambao kwenye vifaa vya Cisco huitwa helper-address. Seva ikiwa tawini, kwenye mtandao uleule wa kompyuta, hakuna anayeuhitaji mpangilio huo kwa ajili ya PXE. Ukihamia kituo kimoja, ruta ya kila tawi inaguswa. Mradi ulioonekana kuwa wa watu wa seva unakuwa wa watu wa mtandao pia, na ni heri waitwe tangu kikao cha kwanza kuliko kupigiwa simu usiku wa kuhama.

La pili ni TFTP, na hapa ndipo mipango mingi inapovunjikia. Itifaki hii, kama ilivyofafanuliwa kwenye RFC 1350, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 1992, ni nyepesi makusudi. Seva inatuma kipande kimoja cha baiti 512, inasubiri kompyuta ikiri kukipokea, ndipo inatuma kingine. Hakuna vipande viwili vinavyokuwa njiani kwa pamoja. Kwa hiyo kasi yake haitegemei sana upana wa laini. Inategemea muda wa pakiti kwenda na kurudi.

Tupige hesabu. Imeji ya WinPE ya megabaiti 500 ni vipande karibu 977,000. Ndani ya jengo moja, ambako kwenda na kurudi ni kama milisekunde 1, vipande hivyo vinachukua dakika 16 hivi. Sasa ihamishie seva makao makuu, milisekunde 40 kutoka tawini. Faili lilelile, kompyuta ileile, litachukua karibu saa 11. Laini ikiwa ya gigabiti 10 haitapunguza chochote cha maana, kwa sababu muda karibu wote unaliwa na kusubiri.

Ukubwa wa kipande unaweza kuongezwa. RFC 2348 ya mwaka 1998 iliruhusu seva na kompyuta kukubaliana kuhusu ukubwa huo, na watu wengi huchagua baiti 1456, zinazoingia kwenye pakiti moja ya Ethernet bila kukatwa. Kwa mfano wetu, saa 11 zinashuka hadi saa 4 kasoro. RFC 7440 ya mwaka 2015 ikaongeza dirisha: vipande kadhaa vinatumwa mfululizo kabla ya kusubiri jibu. Dirisha la vipande 16 linashusha muda hadi dakika 14 hivi. Kwenye Configuration Manager, mfumo wa Microsoft wa kusimamia kompyuta nyingi, thamani hizi hubadilishwa kwenye rejista ya Windows, kwa majina RamDiskTFTPBlockSize na RamDiskTFTPWindowSize. Usizipandishe kwa pupa. Baadhi ya kompyuta hugoma zikipewa thamani kubwa, na kwenye laini inayopoteza pakiti, dirisha pana linamaanisha kurudia mengi kila kipande kimoja kinapopotea.

Ukiniuliza mimi, jibu bora ni kuipunguzia TFTP mzigo badala ya kuilazimisha ikimbie. Iachie faili dogo tu, kama la iPXE, programu ya kuwashia kompyuta kupitia mtandao, lenye megabaiti moja hivi. Hata kwa milisekunde 40 na vipande vya 1456 hilo linafika kwa nusu dakika. Kuanzia hapo iPXE inavuta mengine yote kwa HTTP, ambayo haisubiri jibu kwa kila kipande. Kompyuta mpya zinaweza hata kuiruka TFTP kabisa, kwani kuwaka kwa HTTP kuliingizwa kwenye toleo la 2.5 la kanuni za UEFI (programu ya msingi inayoziwasha kompyuta za kisasa), mwaka 2015. Kuna sharti moja: faili la iPXE utakalojijengea mwenyewe halina sahihi inayotambuliwa na Secure Boot, ulinzi unaokataa faili la kuwashia lisiloaminika, kwa hiyo suala la sahihi litatuliwe kabla ya kuchagua njia hii.

Ubongo mmoja, mikono mingi

WinPE ni mwanzo tu. Baada yake inakuja imeji yenyewe. Tuseme ni gigabaiti 5, na tawi lina laini ya megabiti 20 kwa sekunde. Kompyuta moja itaivuta kwa dakika 33. Kompyuta 30 zitahitaji zaidi ya saa 16 na nusu, na hapo laini iwe haifanyi kazi nyingine yoyote, jambo ambalo halitokei mahali penye watu wanaofanya kazi.

Ndiyo maana mifumo iliyokomaa katika fani hii, ingawa ilijengwa na watu tofauti kwa ajili ya watumiaji tofauti, imefika kwenye umbo lilelile. Foreman ina seva kuu inayohifadhi maelezo ya kila kompyuta, na ina Smart Proxy, programu ndogo zinazokaa karibu na mitandao husika na kuhudumia DHCP, TFTP na DNS kwa niaba ya seva kuu. MAAS ya Canonical ina kidhibiti cha eneo kinachoamua na vidhibiti vya raki vinavyotekeleza. Configuration Manager ina seva ya saiti na vituo vya usambazaji, na tangu toleo la 1806 kituo cha usambazaji kinaweza kujibu PXE bila WDS, hata kikiwa kwenye kompyuta yenye Windows ya kawaida badala ya Windows Server.

Kwa hiyo kuunganisha hakuondoi kifaa tawini. Kunabadilisha hadhi yake. Zamani kilikuwa seva yenye siri zake, inayohitaji nakala rudufu na mtu anayeijua. Sasa ni ghala la nakala: kila kilichomo kimo pia makao makuu. Kuna kipimo ninachokiamini kuliko mchoro wowote wa usanifu. Uliza: diski ya kifaa hiki ikifa leo, kuna kitu kitakachopotea? Kama jibu ni ndiyo, hata kama ni skripti moja, bado hujaunganisha.

Hili linagusa pia chaguo la mahali pa kuhamia. Usihamie WDS peke yake. Tangu Windows 11, njia ya zamani ya kuchukua boot.wim kutoka kwenye diski ya usakinishaji na kuiendesha kupitia WDS imezuiwa. WDS bado inaweza kuwasha WinPE uliyoitengeneza mwenyewe, lakini hakuna busara ya kujenga usanifu mpya juu ya kitu ambacho mtengenezaji wake anakiondoa hatua kwa hatua.

Yaliyojificha kwenye seva za zamani

Kunakili imeji ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kuyafukua maarifa yaliyotawanyika humo bila mtu kuyaandika.

Anza na imeji zenyewe. Ukikuta ishirini, nyingi zitakuwa zinatofautiana kwa mambo madogo: hii ina draiva za laptopu fulani, ile ina programu ya uhasibu, nyingine ni nakala ya hiyohiyo ya miezi sita nyuma. Unaweza kuzitia zote ndani ya faili moja la WIM, muundo wa Microsoft wa kuhifadhi imeji, kwa kuwa muundo huo hulitambua kila faili kwa alama yake ya SHA-1 na kulihifadhi mara moja tu hata likitokea kwenye imeji kumi. Utaokoa nafasi, lakini bado utakuwa na imeji ishirini za kusasisha. Afadhali ubaki na moja safi kwa kila toleo la mfumo, draiva zichaguliwe wakati wa usakinishaji kulingana na modeli ya kompyuta, na programu zifuate mwishoni. Hapo kuwa makini na kompyuta za Lenovo: sehemu ambayo watengenezaji wengine huandika jina la modeli, Lenovo huandika msimbo wa aina ya mashine, na jina analolijua mtumiaji liko kwenye sehemu nyingine. Skripti inayosoma sehemu moja tu itakosa draiva bila kutoa kosa lolote.

Kisha tazama mipangilio ya DHCP. Matawi mengi yana chaguo la 67, sehemu ya jibu la DHCP inayotaja faili la kuwashia, lililoandikwa jina la faili moja. Lilifanya kazi kwa sababu wakati huo kompyuta zote zilikuwa za BIOS, mtangulizi wa UEFI. Siku hizi kompyuta yenyewe hutangaza aina yake kupitia chaguo la 93: za BIOS hutuma 0, za UEFI za biti 64 kwa kawaida hutuma 7, za ARM za biti 64 hutuma 11. Seva ya PXE ikilisikia ombi lenyewe inachagua faili linalofaa. Jina likiwa limekazwa kwenye DHCP, kila kompyuta inapewa faili lilelile, na zile zisizoliweza zinarudi kwenye skrini nyeusi. Futa chaguo la 66 (linalotaja seva) na la 67 pale unapoweka upokezaji wa ruta, ule wa helper-address; vikibaki vyote viwili, utashinda siku nzima ukimtafuta mchawi asiyekuwepo.

Secure Boot inahitaji ukaguzi wa peke yake. Vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011, ambavyo kompyuta nyingi huvitegemea, vimewekewa ukomo kuanzia Juni 2026, na kile kinachothibitisha faili la kuwashia la Windows kinafuata Oktoba 2026. Mahali pake vimekuja vyeti vya 2023. Cheti kufikia ukomo hakuzuii faili lililokwisha kusainiwa kuwaka. Kinachozuia ni cheti hicho kuingizwa kwenye orodha ya vilivyobatilishwa ndani ya kompyuta, hatua ambayo Microsoft iliitayarisha baada ya udhaifu CVE-2023-24932 uliotumiwa na programu hasidi ya BlackLotus. Kompyuta iliyobatilisha cheti cha zamani itakataa faili la zamani; kompyuta isiyo na cheti kipya itakataa faili jipya. Seva tano zilizotelekezwa zinaweza kuwa na mafaili matano ya vizazi tofauti. Hapa kituo kimoja kinaonyesha faida yake waziwazi: faili linabadilishwa mara moja, na unajua ni lipi linalotumika.

Jambo linalowaumiza watu wengi kuliko yote halipo hata kwenye seva ya usakinishaji. Liko kwenye Active Directory, orodha ya Microsoft ya akaunti za watumiaji na kompyuta za domeni. Tangu masasisho ya tarehe 11 Oktoba 2022, Windows inakataa kuitumia tena akaunti ya kompyuta iliyopo kwenye domeni ikiwa anayejiunga siye aliyeiunda, isipokuwa kwa masharti machache. Mradi wa kuunganisha kwa kawaida huja na akaunti mpya ya huduma, ile ambayo mfumo huitumia kuunganisha kompyuta na domeni, na ndivyo inavyostahili. Matokeo yake, kompyuta mpya kabisa inasakinishwa vizuri, majaribio yanapita, kila mtu anafurahi. Kisha kompyuta ya zamani inasakinishwa upya kwa jina lake lilelile, na kujiunga kunagoma kwa kosa 0xaac, kwa kuwa akaunti yake iliundwa na akaunti ya huduma ya seva ya zamani. Mchawi si mtandao wala imeji. Dawa ni sera ya kikundi iliyoongezwa Machi 2023, inayokuruhusu kutaja wamiliki wa akaunti unaowaamini. Kwa sababu hii, jaribio lolote ambalo halikusakinisha upya kompyuta iliyokuwapo halijakamilika.

Mwisho, pekua mafaili ya majibu na skripti. Humo utakuta jina la seva ya zamani limeandikwa moja kwa moja kwenye njia za mafaili, nywila za msimamizi zilizoachwa wazi, na funguo za leseni. TFTP haina uthibitisho wa mtumiaji wala usimbaji fiche. Yeyote anayechomeka waya kwenye mtandao huo anaweza kulipakua faili akilijua jina lake. Kwa hiyo usizihamishe siri hizo. Zibadilishe.

Hatari mpya

Kuna gharama ambayo wauzaji wa wazo hili hawaitaji sana. Maamuzi yakikaa mahali pamoja, kosa moja nalo linafika kila mahali. Mwezi Mei 2014, Chuo Kikuu cha Emory nchini Marekani kilituma kwa bahati mbaya kazi ya kusakinisha Windows 7 kwa kompyuta zake zote za Windows, zikiwemo laptopu na seva. Kazi hiyo ilianza kwa kufuta diski. Wakati kosa linagunduliwa, hata seva ya usimamizi iliyoituma ilikuwa imekwisha kufutwa.

Tukio hilo linaeleza ulinzi unaohitajika vizuri kuliko mwongozo wowote. Kazi ya kufuta diski isianze yenyewe. Fundi aliyesimama mbele ya kompyuta aithibitishe. Mazingira ya PXE yawe na nywila. Seva za uzalishaji ziwe kundi lisiloweza kulengwa hata kwa makosa. Configuration Manager ina mipaka ya ukubwa wa kundi kwa kazi za hatari, na mipaka hiyo iwekwe chini kiasi cha kuudhi. Nakala rudufu ya seva kuu ikae mahali ambapo seva kuu yenyewe haiwezi kupafikia.

Kuhama kipande kwa kipande

Kuhama kwenyewe ni kufupi ukishafanya hayo. Kitu kinachoamua kompyuta inahudumiwa na seva ipi ni ile anwani iliyoandikwa kwenye ruta, na anwani hiyo huwekwa kwa kila mtandao mdogo peke yake. Kwa hiyo unaweza kuhamisha mtandao mmoja, ukaangalia, na mambo yakiharibika ukarudi kwa kubadilisha mstari mmoja. Usiache anwani za seva mbili za PXE kwa pamoja ukidhani ni tahadhari. Kompyuta kwa kawaida huchukua jibu linalotangulia, na hutajua ni seva ipi iliyojibu mpaka usome kumbukumbu za matukio.

Anza na mtandao wa karakana ya mafundi. Baada ya hapo ningeenda moja kwa moja kwenye tawi lenye laini mbovu kuliko yote, ingawa wengi hufanya kinyume na kuliacha la mwisho. Tawi hilo ndilo litakalokuonyesha kama ghala la karibu linafanya kazi kweli, au kama kompyuta zinalipita kimyakimya na kwenda kuvuta makao makuu kwa sababu mtandao wao haukuandikwa kwenye mipaka ya tawi, yaani orodha ya mitandao ambayo ghala hilo linahudumia. Hilo ni kosa la kawaida sana, na kwenye laini nzuri halionekani.

Seva ya zamani ikishaonekana haina kazi, izimie huduma ya PXE lakini iache ikiwaka huku ukifuatilia ni nani bado anafungua mafaili yake. Mara nyingi atajitokeza mtu anayechukua draiva kutoka humo kwa mkono, au skripti iliyosahaulika inayosoma folda yake. Akaunti ya zamani ya kuunganisha kompyuta kwenye domeni ndiyo iondoke ya mwisho. Kwanza hamisha umiliki wa akaunti za kompyuta ilizoziunda, kisha izime bila kuifuta, sakinisha upya kompyuta moja ya zamani kutoka kila tawi, na zote zikijiunga bila kosa 0xaac ndipo uifute.